Sisi Tunatembea Tu

Simu iliingia Ijumaa jioni, Mashimba akiwa juu ya ngazi hapo Igoma, brashi mkononi, anamalizia bango la kinyozi. Alipoona jina la Sabina kwenye kioo aliteremka kwa namna ambayo kinyozi mwenyewe alishindwa kuamua kama mtu ameshuka au ameanguka.

"Kesho siji kutembea," Sabina alisema. "Kuna wageni wanakuja nyumbani Kisesa."

"Wageni gani?"

"Wageni wa baba."

Kikapita kimya. Kilikuwa kimya kirefu, chenye nafasi ya kutosha, mtu mwenye akili timamu angeweza kuweka humo maneno mawili matatu ya maana. Mashimba akasema, "Sawa. Wasalimie."

Sabina akavuta pumzi, akasema haya, akakata simu. Na Mashimba akapanda tena ngazi akijisifu moyoni kwamba amejibu kistaarabu.

Ndivyo alivyokuwa. Jina lake kwa Kisukuma maana yake simba, tena si simba mmoja, ni kundi zima. Ila mbele ya Sabina simba hao wote walikuwa wanakunja mikia na kujilaza. Kwenye mambo mengine hakuwa bubu hata kidogo. Mpeleke mbele ya ukuta wowote wa zamani hapa Mwanza, ataongea mpaka umwombee maji ya kunywa, yeye na wewe pia. Kazi yake ya kuchora mabango ilikuwa imempitisha kila kichochoro, kuanzia Makoroboi hadi Kapripointi, na ndiyo maana Mama Odeta alipoanzisha Watembezi wa Jumamosi, cheo cha kiongozi wa njia kilimwangukia yeye.

Mama Odeta alikuwa nesi mstaafu mwenye presha. Daktari alimwamuru atembee, naye, kwa kuwa hapendi kuteseka peke yake, akakusanya watu. Masharti yake yalikuwa mepesi: njia isiwe ya kupanda kwa mikono, kila baada ya kitambo kuwe na mahali pa kukaa, na mwisho wa safari kuwe na chai. Sabina walimwokota njiani. Mzee Noorali, muuza vitambaa wa Mtaa wa Rufiji, alichubuka kisigino, wakaingia duka la dawa kununua plasta, na msichana aliyekuwa kaunta akauliza watu wote hawa wanakwenda wapi. Jumamosi iliyofuata alikuwepo, na raba zake nyeupe.

Tangu siku hiyo njia za Mashimba zikaanza kurefuka. Hakuna aliyejua sababu. Matembezi ya kutoka sokoni hadi ziwani, ambayo mtoto angeyamaliza akila muwa mmoja, yakawa yanazunguka kwa Wahindi, yanapita nyuma ya msikiti, yanarudi sokoni, yanapanda mlimani. Sabina alitembea pembeni yake akiuliza jengo hili la nani, jiwe lile linaitwaje, na Mashimba alijibu yote. Alipouliza, "Na wewe je?" Mashimba alikumbuka ghafla kwamba kuna jiwe jingine mbele.

Jumamosi asubuhi walikutana Makoroboi kama kawaida, isipokuwa kwamba hawakuonekana kama kawaida. Mama Odeta alikuwa amewashonesha sare: kitenge cha buluu chenye samaki wa njano, magauni kwa wanawake, mashati kwa wanaume. Leo ilikuwa mara yao ya kwanza kutembea nje ya mji, upande wa Kisesa. "Tukipotea huko," alisema, "tupotee tukijulikana."

Mzee Noorali naye alikuja amevaa sare yake, fimbo ya kichwa cha fedha mkono mmoja, na mkono mwingine siniya kubwa iliyofunikwa kwa kitambaa chekundu cha satini na kufungwa utepe. Mkewe, Bachubai, aliamini kwa dhati kwamba ukishaipita Igoma hakuna chakula tena mpaka Musoma, kwa hiyo alikuwa amekesha akitengeneza ladu na chevda, vitafunio vya Kihindi vya kutosha harusi.

Walianza na mji kwanza, taratibu, jua likiwa bado changa. Walipita chini ya maduka ya zamani yenye majina ya walioyajenga yameandikwa kwa plasta juu ya milango, wakapita hekaluni kengele ikilia, wakapanda hadi kwenye nyumba ya Mjerumani iliyokaa juu ya mawe kama kuku aliyeatamia. Hapo ndipo Mashimba alipaswa kueleza. Alieleza kidogo, akanyamaza, akatazama ziwa.

"Sabina yuko wapi?" Mama Odeta aliuliza.

"Jana amenipigia simu. Ana wageni nyumbani."

"Wageni gani?"

"Wa baba yake."

Mama Odeta akaweka chupa yake ya maji chini. Akamtazama Mashimba kwa muda, kama alivyokuwa akiwatazama zamani wagonjwa waliomeza dawa za kupaka. "Mwanangu," akasema, "msichana amemaliza chuo, ana kazi, hajaolewa. Anakupigia simu jioni kukuambia baba yake ana wageni. Unadhani wageni hao wanakuja kununua mbuzi?"

Mashimba akaacha kutazama ziwa, akageuka.

"Washenga hao!" Mama Odeta akapiga kofi. "Posa hiyo! Na wewe umemjibu nini?"

"Nimesema awasalimie."

Watembezi wote walicheka mpaka mlinzi wa karibu akaja kutazama. Mzee Noorali alilazimika kukalia jiwe, siniya mapajani. Mama Odeta peke yake hakucheka, alikuwa na hasira ya upendo. "Mficha uchi hazai," alisema. "Umetuzungusha mji mzima kwa miezi, kumbe kinywa umekiacha Igoma."

Mashimba alitaka safari ya Kisesa iahirishwe. Alisema kuna matope. Mama Odeta akauliza matope gani ya mwezi wa Juni. Alisema kuna ng'ombe wakali. Mzee Noorali akasema yeye amekulia kwenye kiwanda cha pamba cha babu yake huko Magu, ng'ombe anawajua kwa majina. Basi Mashimba akakiri lililomkaa kooni: njia ya leo aliichagua yeye, na inapita chini ya nyumba ya kina Sabina. Alitaka tu kupaona. Bati la buluu, Sabina alimwambia, na jiwe kubwa kama ng'ombe aliyelala.

"Tutapita chini," alisema, "hatutasimama."

"Hatutasimama kabisa," Mama Odeta akasema, na macho yake yakang'aa kwa namna isiyofaa kuaminiwa.

Walikodi Hiace hadi Kisesa, wakashuka, wakapanda kilima cha Bujora kuona makumbusho na ngoma kubwa za kale, wakashuka upande wa pili kwenye njia ya miguu iliyopita katikati ya mashamba. Ilikuwa njia nzuri, lazima isemwe. Ilikuwa tambarare, laini, pamba imepasuka nyeupe pande zote mbili, na mbele kabisa, kati ya vilima viwili vya mawe, ziwa limekaa kimya likimeremeta. Hewa ilinukia majani makavu na moshi wa jikoni. Hata Mashimba, aliyekuwa anajiona kama mtu anayepelekwa hukumuni, alijikuta anatembea na tabasamu la kijinga usoni, kwa sababu kila hatua ilikuwa inamsogeza karibu na bati la buluu.

Tatizo moja hakulifikiria. Alipokuja kuipima njia, akaishia kabla ya jiwe, ilikuwa Jumapili, watu wako kanisani. Leo watu walikuwepo mashambani na nyumbani, na Usukumani hupiti tu kwenye uso wa mtu kama upepo. Unasimama, unasalimia, unaulizwa kwenu ni wapi, unauliza ng'ombe wanaendeleaje. Na kila aliyesalimiwa aliuliza swali lilelile.

"Mnakwenda wapi?"

"Hatuendi mahali, mama. Sisi tunatembea tu."

"Ndiyo. Mnatembea kwenda wapi?"

"Kutembea tu. Kuangalia."

Mama wa kwanza aliinamia jembe lake akionyesha adabu ya mtu anayejua kwamba anafichwa jambo. Wa pili aliwatazama kwa mpangilio: mzee mbele na fimbo ya fedha, siniya nyekundu, wanawake wazima nyuma, sare moja, kijana mmoja katikati anayetoka jasho bila sababu. Akatikisa kichwa, akatabasamu. Wa tatu alikuwa mwanamume mwenye baiskeli. Huyu hakusubiri jibu. Aliitazama siniya, akasema, "Aah! Kwa Mzee Chenge! Hapo tu mbele," akageuza baiskeli na kukanyaga pedali kwa nguvu zote kuelekea kwenye jiwe kama ng'ombe aliyelala.

"Amesema nini?" Mashimba aliuliza, ingawa alikuwa amesikia.

"Amesema hapo tu mbele," Mama Odeta akajibu, na akarekebisha kilemba.

Hawakuwa wamefika kwenye jiwe, kigelegele kikapaa. Kikafuatwa na kingine, na kingine, mpaka kuku wakakimbilia ziwani. Wanawake wakashuka njiani wakicheza, mbele yao shangazi mmoja mpana, mwenye sauti ya kutangaza minada, akampokea Mzee Noorali siniya, akampokea Mama Odeta mkoba, akampokea Mashimba chupa ya maji, na kama angechelewa kidogo angepokea na viatu.

"Karibuni! Karibuni wageni wetu! Tumewangoja tangu asubuhi!"

"Mama, samahani," Mashimba alijaribu, "sisi tunatembea..."

"Na mmetembea kweli! Mmeliacha gari barabarani, mmekuja kwa miguu kama wazee wa zamani! Hiyo ndiyo heshima!" Huyo alikuwa shangazi Dorcas, dada wa baba yake Sabina. Akamgeukia Mzee Noorali, akajiuliza kidogo kwa macho, halafu akajijibu mwenyewe kwa sauti kwamba watu waliompata mfanyabiashara mzee wa Kihindi awe mshenga wao hawakuja kwa mchezo.

"Mwangaluka," Mzee Noorali akamsalimu kwa Kisukuma safi, na hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa, maana shangazi Dorcas alishangilia hadi akakaa chini.

Basi wakajikuta chini ya turubai, kwenye viti vya plastiki, mikono imenawishwa, mbele yao wali, kuku wa kienyeji, maziwa mgando na matobolwa, viazi vitamu vikavu, kwa karanga. Kukataa chakula cha mwenyeji ni tusi, kula chakula cha posa ya mwenzako ni wizi. Mashimba alishika kipande cha kuku akashindwa hata kukipeleka kinywani, na akakirudisha. Watembezi wenzake hawakuwa na tatizo hilo. Walikuwa wametembea.

Dirishani, pazia la maua lilitikisika. Mashimba aliliona. Nyuma ya pazia lile kulikuwa na mtu, na mtu huyo alikuwa ameisikia sauti ya Mama Odeta, sauti ambayo huwezi kuichanganya na nyingine. Moyo wake ulidunda mpaka akahisi samaki wa kwenye shati wanaogelea.

"Kaa kimya," Mama Odeta akamnong'oneza huku akitafuna. "Mungu anakupa kwenye sahani, wewe unatafuta kijiko."

Mzee Chenge, baba yake Sabina, alikuwa mkulima wa pamba, mwembamba, mkimya, mwenye uso usiofichua kitu. Alisubiri wageni washibe. Kisha akakohoa, na pakatulia.

"Wageni," alisema, "tumekula, tumekunywa. Mimi nawajua kwa simu tu, sura zenu ndiyo kwanza naziona. Sasa semeni neno lililowaleta."

Mzee Noorali akainuka, akaegemea fimbo yake. Hakuna aliyejua alikusudia nini. Mwenyewe baadaye aliapa kwamba alitaka kushukuru kwa chakula. Lakini mzee akishapewa ukimya na watu wanaomsikiliza, ulimi hupata baraka zake. "Mzee Chenge," akaanza, "tulikuwa tunapita njiani, tukaona ua zuri katika bustani yako..."

Vigelegele vikamkata. Shangazi Dorcas akafuta machozi. Na Mashimba akatazama tena lile pazia, akafikiri: kesho Sabina ataambiwa kwamba alichumbiwa kwa makosa, kwa sababu watu fulani hawakujua kukataa wali. Hajaulizwa. Mimi sijamuuliza. Nimeshindwa kumwambia neno moja mchana kweupe, leo nimchukue kwa hila ya siniya?

Akasimama. Kiti cha plastiki kikang'ang'ania suruali yake, kikasimama naye kidogo, kikaanguka.

"Samahani, mzee," alisema. "Samahanini wote. Sisi si wageni mnaowangoja. Sisi ni watembezi. Tumetoka Mwanza kutembea."

Turubai likapepea. Mzee Chenge alimtazama.

"Kutembea."

"Ndiyo, mzee."

"Kwenda wapi?"

"Hapana mahali, mzee."

"Mmeacha nyumba zenu," Mzee Chenge alisema polepole, kama mtu anayesoma maandishi yaliyofutika, "mmevaa sare, mmebeba zawadi kwenye satini, mmefika kwangu siku ya posa ya binti yangu. Na mnatembea tu."

"Ni kwa ajili ya presha," Mama Odeta akasaidia. "Daktari alishauri."

"Mimi presha sina. Nalima." Akamgeukia tena Mashimba. "Na njia hii ipite kwangu, aliichagua nani?"

Watembezi wote, bila kushauriana, wakamnyooshea kidole Mashimba. Mzee Noorali alitumia fimbo.

"Kwa nini hapa? Kuna nini hapa?"

"Mandhari, mzee," Mashimba alisema. "Ni mazuri."

Mzee Chenge akageuka, akayatazama mandhari yake: banda la mbuzi, rundo la pamba, tangi la maji lililopasuka, mbuzi mmoja aliyekuwa anakula kamba ya turubai. Aliyatazama kwa muda mrefu. Mabega yake yakaanza kutikisika, na ilipokuja kuonekana kwamba anacheka, shangazi Dorcas naye akalipuka, wakafuata majirani, wakafuata watembezi, mpaka mwenye baiskeli akajishika mbavu akiomba apumzishwe.

Katikati ya kicheko hicho simu ya Mzee Chenge ikaita. Akasikiliza. Akasema ndiyo, ndiyo, fuateni njia ya gari, mtaona jiwe.

"Wageni wangu wa Sengerema," akatangaza. "Wamefika Kisesa."

Mashimba alikuwa ameshaanza kukusanya watu wake. "Basi tunaomba ruhusa, mzee. Tunashukuru sana, wabeja sana, tutawaachia nafasi..."

"Kaa," Mzee Chenge akasema. "Mgeni hatoki kwangu mbio kama amevunja chungu. Mmekula, mtashushia na chai. Wenzenu wakija tutasogezana."

Hivyo ndivyo ilivyotokea kwamba watu wa Sengerema waliposhuka kwenye gari lao, suti na magauni yametulia, walikuta upande wa kushoto wa turubai umejaa samaki wa njano. Kiongozi wao alikuwa Mzee Yeremia, mnene, mchangamfu, mwenye kucheka kabla ya kuambiwa. Alisalimia kila mtu, akafika kwa Mama Odeta.

"Na ninyi ni upande gani, dada?"

"Sisi tunatembea tu."

"Aha," Mzee Yeremia akasema kwa heshima, akidhani labda ni dhehebu.

Aliposhiba naye akasema neno lake, na alilisema vizuri. Kuna kijana wao, ana duka Sengerema, ana tabia njema, amemwona binti kanisani mara moja akapotewa na usingizi. Hakuna aliyeweza kulilaumu neno hilo. Mashimba alilisikiliza akitazama viatu vyake, na kila sifa ya kijana yule ilimwingia kama mwiba, maana zilikuwa sifa za kweli na mwenye sifa hizo alikuwa ametuma watu kuzisema.

"Basi aitwe mwenye mambo," Mzee Chenge akasema.

Sabina akatoka. Alikuwa amevaa gauni la kijani, kichwani kitambaa, mikononi jagi la maji ya kunawa. Alipiga goti akawasalimu wazee, shikamooni, marahaba mwanangu, na alipoinuka macho yake hayakupita upande wa kushoto hata kidogo. Mashimba aliyaona hayo, akafa kidogo.

Shangazi Dorcas alisimama kwa swali lake. Ni swali la mila, dogo, na kila mtu pale alijua uzito wake. Binti akisema anawajua wageni, mlango umefunguka. Akisema hawajui, wageni hunywa chai yao, wakaaga kwa amani, na hakuna anayemdai sababu.

"Mwanangu Sabina. Hawa waliokaa kulia, wametoka mbali, wamekuja kwa heshima. Unawajua?"

Sabina akawatazama kwa upole. "Karibuni sana, wazee wangu. Mmetupa heshima kubwa," akasema. "Lakini hapana, shangazi. Siwajui."

Mzee Yeremia akashusha pumzi, akainamisha kichwa kama muungwana. Upande wa kushoto Mama Odeta alimkamata Mashimba kiganja, akakibana mpaka vidole vikakosa damu.

"Na hawa wa kushoto," shangazi Dorcas akaendelea, na sasa sauti yake ilikuwa na utundu, "ambao wanatembea tu. Hawa unawajua?"

"Hawa nawajua." Tabasamu likamtoka Sabina, la kwanza siku hiyo. "Huyu ni Mama Odeta, akichoka husema anatazama mandhari. Huyu ni Mzee Noorali, kisigino chake mimi ndiye niliyekitibu. Dada huyu hapiti penye vitumbua. Kaka yule huogopa bata." Akawapitia wote, mmoja mmoja, watu wanacheka, hadi akafika mwisho wa mstari.

"Na huyu?" shangazi akauliza.

Sabina akamtazama Mashimba. Alimtazama sawasawa.

"Huyu simjui."

Kicheko kikakatika. Mbuzi akaacha kutafuna kamba.

"Nimetembea naye tangu masika, shangazi," Sabina alisema. "Ameniambia nani alijenga nyumba ipi. Ameniambia majina ya mawe. Jana nimempigia simu kumwambia kuna wageni wanakuja kwa baba, akasema niwasalimie. Mtu wa namna hiyo nitasemaje namjua? Hajawahi kuniambia neno lake hata moja."

Watu wote wakamgeukia Mashimba. Hapakuwa na jiwe jingine mbele la kukimbilia. Akasimama, na safari hii kiti kikamwachia.

"Mimi ni Mashimba," akaanza, akijua kwamba ni mwanzo wa kipuuzi. "Nachora mabango Igoma. Sina gari wala duka Sengerema. Njia ya leo niliichagua ili nipaone kwenu, si kwa ajili ya mandhari, nisamehe mzee, mandhari yako ni mazuri lakini nilidanganya. Na zile za mjini... nilizirefusha. Sokoni hadi ziwani si mbali. Nilizungusha watu ili saa ya kuachana nawe ichelewe."

"Kumbe!" Mama Odeta akapiga kelele. "Mara mbili tumelizunguka soko lile! Na magoti yangu haya!"

"Nisamehe, mama." Hakumtazama Mama Odeta. Alimtazama Sabina, na maneno yaliyokuwa yamejazana kifuani kwa miezi yakatoka yote kwa pamoja, yanasukumana mlangoni. "Kila Jumatatu nahesabu kwenda Jumamosi. Nikichora herufi ya S mkono unataka kuendelea na jina lako, fundi cherehani mmoja nusura nimharibie bango. Nilinyamaza kwa sababu niliogopa ukisema hapana utaacha kuja kutembea, na mimi nilitaka angalau kutembea. Nakupenda, Sabina. Sikuja na washenga, hawa ni watu wa presha. Nimekuja na hilo neno tu. Nakupenda, nataka nikuoe, na ukisema hunijui ni haki yako."

Shangazi Dorcas alikuwa ameshika kinywa. Mzee Chenge aliangalia rundo lake la pamba kana kwamba lina jibu. Na aliyesema kwanza alikuwa Mzee Yeremia wa Sengerema, aliyekuwa amekuja na neno zuri akakosa, na sasa alikuwa anafuta macho kwa leso kubwa.

"Mzee mwenzangu," akamwambia Chenge, "hebu muulizeni tena huyo binti."

Shangazi Dorcas akajikaza. "Mwanangu. Na huyu sasa, unamjua?"

Sabina akafungua kinywa, na alichosema kilisikika hadi kwa wale wa mbele tu, kwa sababu walipokisikia walipiga vigelegele vilivyofunika kila kitu. Mzee Noorali akanyanyua fimbo juu. Siniya ikafunuliwa, ladu zikaanza kuzunguka kulia na kushoto bila kubagua. Mwenye baiskeli alikuwa ameshaondoka kupeleka habari. Mashimba peke yake alibaki amesimama katikati ya zogo lile, masikio yanavuma, akimvuta Mama Odeta mkono.

"Amesema nini? Mama, amesema nini?"

Mama Odeta alikuwa analia na kucheka, hakuweza kujibu. Sabina ndiye aliyekuja, na jagi lake la maji, akapita katikati ya wageni wote hadi mbele yake.

"Nimesema namjua," akamwambia. "Nyosha mikono unawe. Tangu umekuja hujala."